Mji Mkuu Mpya, Foleni Ileile

Kila Desemba jiji letu la Nagpur hupakwa rangi. Kingo za barabara hupigwa nyeupe na nyeusi, mashimo hufukiwa usiku, na wauza chai walio karibu na jengo la bunge huambiwa wasogee. Waheshimiwa wanakuja. Bunge la jimbo la Maharashtra linahama Mumbai, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, lije likae nasi kwa kikao cha majira ya baridi. Sisi wenyeji tunaijua zamu yetu: tunabeba mabango, tunaandamana hadi penye vizuizi vya polisi, ofisa mmoja anatoka kupokea barua yetu, tunarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili hivi misafara imeondoka na hoteli zimebaki tupu. Rangi hudumu hadi mvua za Juni.

Msidhani kikao hicho ni hisani. Ni deni. Mwaka 1953, wakubwa waliotaka wasemaji wote wa Kimarathi wakae katika jimbo moja walitia saini Mkataba wa Nagpur. Walituahidi sisi watu wa Vidarbha, eneo la mashariki lenye jiji letu la Nagpur, kwamba serikali itahamia Nagpur kwa muda maalumu kila mwaka na bunge litakaa hapa angalau kikao kimoja; kwamba fedha za maendeleo, nafasi za masomo na kazi za serikali zitagawanywa kwa kadiri ya wingi wetu. Wazee wetu huutaja mkataba huo kama wakwe wanavyotaja mahari iliyobaki.

Mwaka 1955, tume iliyopewa kazi ya kupanga upya majimbo ya India, chini ya Fazal Ali, ilipendekeza Vidarbha iwe jimbo peke yake. Delhi ikasoma, ikafanya yake. Mwaka 1956 tukaunganishwa na jimbo la Bombay, na tarehe 1 Mei 1960 tukaamka ndani ya Maharashtra. Nagpur, iliyokuwa makao makuu ya Majimbo ya Kati tangu 1861, ikawa mji wa kutembelewa.

Tangu hapo hatujakosa la kulalamikia. Makaa ya mawe yanachimbwa kwetu, na mtambo wa Chandrapur wenye uwezo wa megawati 2,920 uko kwetu. Moshi unabaki, umeme unafuata nyaya kwenda magharibi, na mkulima wa hapa anaamka usiku wa manane kuwasha pampu kwa sababu ndipo zamu yake ya umeme inapofika. Bwawa la Gosikhurd liliwekewa jiwe la msingi na Rajiv Gandhi mwaka 1988, likikadiriwa kugharimu rupia krore 372, na krore moja ni milioni 10. Gharama zimepita krore 18,000, na kazi ya mifereji imeburutwa kwa zaidi ya miaka 35. Mtoto aliyezaliwa siku ya jiwe lile sasa anang'oa mvi za kwanza. Na pamba ya wilaya ya Yavatmal, hiyo tunaizungumza kwa sauti ya chini, maana kila tarafa ina nyumba ambayo baba alijitoa uhai kwa madeni. Mwaka 2017 wakulima wengine, zaidi ya 20, walikufa wilayani humo kwa sumu waliyokuwa wakipulizia pamba hiyohiyo.

Hatukukosa kamati pia. Mwaka 1984 kamati ya mchumi Dandekar ilipima tumeachwa nyuma kiasi gani kwa barabara, maji ya kumwagilia na mengineyo, nasi tukajifunza neno la kuongezea kwenye mabango: baklog, yaani malimbikizo ya tunachodai. Mwaka 1994 tukaundiwa bodi ya maendeleo. Aprili 2020 muda wa bodi ukaisha bila kuongezwa. Baklog bado ipo.

Katika bunge la wajumbe 288 sisi tuna 62. Hata tukinyoosha mikono yote kwa pamoja, hatufiki robo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 60 tumekuwa tukidai fimbo ya karibu: jimbo letu, wilaya zetu 11, Nagpur mji mkuu tena. Karibu kila mmoja wetu amewahi kulishika bango hilo.

Ila siku hizi, tukikaa asubuhi na sahani ya poha yenye mchuzi mkali wa dengu, tunaanza kuulizana maswali yasiyopendwa na wenye vipaza sauti.

La kwanza: je, hatujawahi kuwa na mtu wetu juu? Tumekuwa nao wanne. Kannamwar alitoka Chandrapur. Vasantrao Naik wa Pusad aliikalia nafasi ya waziri kiongozi tangu 1963 hadi 1975, na hakuna aliyeikalia mfululizo kwa muda mrefu kama yeye. Sudhakarrao Naik naye alikuwa wa kwetu. Devendra Fadnavis ni mtoto wa Nagpur kabisa. Chama chake kilipitisha azimio la kuunga mkono Vidarbha huru ndani ya India mwaka 1997, kikaja kutawala Mumbai na Delhi kwa wakati mmoja, na azimio likabaki azimio. Mtu wetu akikaa juu anatuona kutoka juu, kama wengine.

La pili: waliopata, wamepata nini? Mwaka 2000 India ilizaa majimbo matatu ndani ya mwezi mmoja: Chhattisgarh, Uttarakhand na Jharkhand. Hatutaki kuwa wachoyo wa sifa. Chhattisgarh ilisifiwa kwa kupanga upya ugawaji wa mchele wa bei nafuu, na hilo ni jambo kubwa kwa mwenye sufuria tupu. Lakini waangalieni watu wa milima ya Uttarakhand. Walidai jimbo kwa damu. Tarehe 2 Oktoba 1994, siku ya kuzaliwa Gandhi, polisi waliwafyatulia risasi pale Rampur Tiraha wakiwa njiani kwenda Delhi kuandamana. Walitaka mji mkuu uwe Gairsain, huko huko milimani. Wakapewa Dehradun, bondeni, eti kwa muda. Mwaka 2020 Gairsain ikatangazwa kuwa mji mkuu wa majira ya joto, na waheshimiwa hupanda huko siku chache kisha wakashuka. Tuliposikia habari hizo tulitazamana: si ndiyo Nagpur yetu ya Desemba? Na sensa ya 2011 ilionyesha kuwa wilaya za Almora na Pauri, zilizokuwa kitovu cha madai yale, zilikuwa na watu wachache kuliko miaka kumi kabla. Jimbo lilikuja, wenyewe wakahama.

Jharkhand ndiyo inayotuumiza zaidi, maana ilizaliwa tarehe 15 Novemba, siku ya kuzaliwa Birsa Munda, shujaa wa watu wa misitu. Ina chuma na makaa kama sisi. Wakubwa wake walipokezana kiti cha waziri kiongozi kama watoto wanaopokezana bembea, na hadi 2010 hakuna kijiji kilichochagua mukhiya, yaani mkuu wake. Miaka 10 jimbo linaitwa la wenyeji, na wenyeji hawana hata baraza la kijiji lililochaguliwa. Maskini akipata, matako hulia mbwata.

La tatu ni swali la ramani, na mwenye kuuliza ni yeyote anayetoka Sironcha, kusini kabisa mwa wilaya ya Gadchiroli, karibu na mto Godavari. Kufika makao makuu ya wilaya yake tu ni safari ya karibu kilomita 200. Akifika hapo, Nagpur bado. Mpe Vidarbha kesho asubuhi, mpandishie bendera, mpigie ngoma: fimbo imesogea kutoka Mumbai hadi Nagpur, na nyoka yuko Sironcha.

Sasa tuseme tunachokijua kwa kukipangia foleni. Mwananchi hapangi foleni mbele ya jimbo. Anapanga mbele ya talathi, karani wa ardhi, akitafuta hati ya shamba tunayoiita saat-baara, saba-kumi na mbili, ili apate mkopo wa mbegu. Anapanga mbele ya ofisi ya tarafa kwa cheti cha tabaka cha mwanawe anayetaka chuo. Anapanga kwa bomba, kwa zahanati, kwa fidia ya pamba iliyoliwa na funza wa waridi. Matatizo haya yote yana mwenyewe kisheria, naye anatakiwa awe umbali wa kutembea kwa miguu.

Maana sheria ipo. Marekebisho mawili ya katiba, la 73 na la 74, yalianza kutumika mwaka 1993. Yalisema kila kijiji na kila mji utakuwa na baraza la kuchaguliwa kila baada ya miaka mitano, na si chini ya theluthi moja ya viti vitakuwa vya wanawake. Yakaorodhesha mambo 29 ya kukabidhiwa vijiji na 18 ya kukabidhiwa miji: maji, barabara ndogo, shule za msingi, masoko, majitaka. Orodha nzuri, ungedhani iliandikwa na mtu aliyewahi kubeba ndoo. Lakini pale penye kukabidhi, waandishi hawakusema bunge la jimbo "litakabidhi". Walisema "linaweza" kukabidhi. Kwa neno hilo moja tumepoteza miaka 30.

Hata lile lililoandikwa kwa "litafanyika" limechezewa. Muda wa madiwani wa Nagpur uliisha Machi 2022, na kwa zaidi ya miaka mitatu jiji likaendeshwa na ofisa aliyeteuliwa, huku kesi za mgawo wa viti zikisukumwa mahakamani. Mtaro ukiziba, ulimwendea nani? Hapakuwa na diwani wa kumzomea. Si kwamba madiwani wakiwepo ndiyo neema imeshuka: meya wetu hukata utepe na kuvaa mashada ya maua, na rungu analishika kamishna wa jiji, anayeteuliwa na serikali ya jimbo na anayeweza kuhamishwa kwa simu moja kutoka Mumbai. Vijijini nako, mwaka 2017 tuliambiwa sarpanch, yaani mwenyekiti wa kijiji, achaguliwe moja kwa moja na wananchi. Mwaka 2020 ikabadilishwa, achaguliwe na wajumbe. Mwaka 2022 ikarudi kwa wananchi. Kila chama kinachoingia Mumbai kinatukorogea upya uji huu, na aliyeuliza kama tuna njaa hayupo.

Njooni basi siku moja kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Unafanyika tarehe zinazojulikana, mojawapo ikiwa 15 Agosti, siku ya uhuru. Mtendaji wa kijiji anafika kwa pikipiki, amechelewa, na si kosa lake, anahudumia vijiji vingine pia. Kitabu cha mahudhurio kinazungushwa kabla mtu hajafungua mdomo. Tunatia saini, wengine dole gumba. Kisha mtu wa nyuma anasimama: kijito kimefurika, watoto hawavuki kwenda shule, tunataka daraja dogo. Mtendaji anafunua karatasi. Sehemu kubwa ya fedha zilizopo, anasema, imefungwa. Imetoka Delhi na masharti yake, ni kwa maji ya kunywa na usafi tu. Mtu wa nyuma anajibu kwamba hata shida yake ni maji, tena maji mengi. Watu wanacheka. Mtendaji anacheka pia, anaandika "limejadiliwa", anafunga kitabu. Peda, vitamu vya sherehe, zinagawanywa. Kijito hakijacheka.

Pembeni amekaa tai, dada yetu, sarpanch mwenyewe, maana Maharashtra nusu ya viti hivi ni vya wanawake. Mjini wanapenda kuwadhihaki akina tai, kwamba kiti ni chao na maamuzi ni ya waume zao. Yapo hayo, hatuyafichi. Lakini siku kijiji kitakapokuwa na fedha na karani wake, ndipo tutajua nani anaamua nini. Kwa sasa mke na mume wanagombania mkoba mtupu.

Kinachouma ni kwamba hatukuanzia sifuri. Mwaka 1948, Nagpur ikiwa bado makao makuu, serikali ya Majimbo ya Kati ilianzisha mabaraza ya Janapada, kila tarafa na baraza lake, ili mambo ya watu yaamuliwe karibu na watu. Na halmashauri za wilaya za Maharashtra, zilizoanza tarehe 1 Mei 1962 zikiwa na madaraka yaliyosifiwa India nzima, zilitokana na ripoti ya kamati iliyoongozwa na huyohuyo Vasantrao Naik wa Pusad. Ufunguo ulichongwa na fundi wa kwetu. Walichofanya waliofuata ni kuurudisha Mumbai, jino moja baada ya jingine.

Kwa nini basi kelele zote ni za jimbo, na za kijiji hazisikiki? Tumelifikiria sana hili. Mwaka 1952 Potti Sreeramulu alifunga kula akidai jimbo la Andhra, akafa Desemba 15, ghasia zikalipuka, na mwaka uliofuata jimbo likazaliwa. Nani atafunga kula hadi kufa akidai kijiji kiajiri karani wake? Nani atachoma basi kwa ajili ya tume ya fedha ya jimbo, ile inayotakiwa kila miaka mitano kusema mabaraza yetu yapate mgawo gani? Jimbo jipya lina viti: waziri kiongozi, mawaziri, spika, wenyeviti wa mashirika, magari, walinzi. Kijiji chenye nguvu hakina kiti cha kumpa mkubwa, kina cha kumnyang'anya. Hivyo wanatupigia ngoma ya jimbo kila uchaguzi, nasi tunacheza, kisha wanaondoka na ngoma yao.

Wapo kati yetu wasiokubali, na hoja yao ina mfupa. Bhau, yaani kaka, mmoja wa Yavatmal hutukatiza kila mara: serikali za mitaa, kwa katiba ya India, ni mali ya jimbo. Anayetakiwa kukupa ni yuleyule anayekunyima. Utamwomba Mumbai miaka mingapi tena? Chukua jimbo kwanza, halafu gawa. Tena Delhi ikitaka, inaweza. Kifungu cha 3 cha katiba kinalipa bunge la taifa uwezo wa kuunda jimbo kwa kura za kawaida, na bunge la jimbo linaulizwa maoni tu. Telangana waliambiwa haiwezekani, wakapata tarehe 2 Juni 2014, na wilaya zao zikatoka 10 zikafika 33.

Hatumwiti mjinga. Tunamuuliza tu: siku hiyo ya kwanza, bhau, nani atakayegawa? Ni walewale tunaowapokea hapa kila Desemba, wakiwa wameongezewa vyeo. Kerala haikukatwa vipande. Mwaka 1996 serikali yake iliamua kwamba asilimia 35 hadi 40 ya bajeti ya mipango iende kwa mabaraza ya vijiji, tarafa, wilaya na miji, na watu wenyewe wakae kitako kupanga. Haikuhitaji bendera mpya. Ilihitaji mwenye fungu kuachia fungu.

Na kama Kerala ni mbali, twende Gadchiroli, humu humu Vidarbha. Kuna kijiji cha Wagondi kinaitwa Mendha, karibu na Lekha. Watu wake walianza zamani kusema kwamba Delhi na Mumbai ipo serikali yao, ila kijijini mwao serikali ni wao. Wakubwa walidhani ni msemo wa kwenye bango. Wao wakaufanya kazi: wanakaa, wanajadili, na jambo halipiti hadi wote wakubaliane, hata ikichukua mikutano mingi. Mwaka 2009, kwa sheria ya haki za misitu ya 2006, kijiji kikapata haki juu ya takriban hekta 1,800 za msitu wao. Idara ya misitu ikakubali haki, ikabania vibali vya kusafirisha mianzi. Wakavutana nayo hadi Aprili 2011, waziri wa misitu wa taifa, Jairam Ramesh, alipokwenda kijijini na kitabu cha vibali kikakabidhiwa kwa wanakijiji. Tangu hapo mianzi ikauzwa kwa muhuri wa kijiji na fedha zikaingia kwenye akaunti ya kijiji.

Kitabu cha vibali, mabibi na mabwana. Hakikuwa na wimbo wa taifa wala gwaride.

Basi waheshimiwa, mtakapokuja Desemba, tutaandamana kama kawaida, na wengine wetu watabeba bango la Vidarbha, maana deni la 1953 halijalipwa na hatulisamehe. Lakini chini ya bango hilo kuna barua, na safari hii msimtume ofisa mdogo kuipokea. Inadai uchaguzi wa kila baraza ufanyike siku muda wake unapoisha, si baada ya miaka mitatu. Inadai mgawo wa fedha usio na kamba, uandikwe katika sheria kwa asilimia, ili kijiji kijue mwezi Aprili kina nini. Inadai mtendaji na karani wawajibike kwa mkutano wa kijiji, si kwa simu ya Mumbai. Hayo hayasubiri Delhi na hayasubiri jimbo jipya. Bunge mnalokuja kulikalia hapa Nagpur lina uwezo wa kuyapitisha ndani ya hizo wiki mbili. Rangi ya kingo za barabara mwaka huu acheni. Fedha yake inatosha kuanzia lile daraja la watoto.